Orodha ya Zamu na Heshima ya Mkwe: Uongozi wa Shule Katika Vilima vya Kolo

Mwanachuo anayesoma uongozi na utawala wa shule hukutana mapema na orodha ya kazi za kiongozi: kutazamia mambo yajayo na kuyapangia, kugawa kazi, kuamuru, kuoanisha shughuli, na kukagua. Sisi nasi tulikutana nayo chuoni, tukaikariri kwa utaratibu wake, tukaijibu vizuri katika mtihani. Hatukuulizwa na mtu, wala hatukujiuliza wenyewe, orodha hiyo ilitungwa na nani, akiwa anaongoza watu gani, na watu hao walikuwa na uhusiano gani baina yao kabla hawajawa wafanyakazi wake. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi swali hilo lilivyotujia kwa kuchelewa, tukiwa tayari tumekabidhiwa shule na muhuri wake, na gharama iliyolipwa kwa kuchelewa huko. Gharama hiyo hatukuilipa sisi.

Kolo iko kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati na Arusha. Ni nchi ya vilima vya mawe na makorongo mekundu. Wenyeji wake wengi ni Warangi, wakulima wa uwele, mtama na mahindi, ambao zamani walikuwa pia na mifugo mingi vilimani humo. Wasomi wa mambo ya kale huijua Kolo kwa michoro ya miambani, nasi tutaigusa michoro hiyo baadaye kwa kuwa ina fundisho lake katika jambo hili. Shule tuliyoiongoza haikuwa Kolo penyewe, bali katika kijiji kimoja cha jirani ambacho hatutakitaja.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1983. Tangu mwaka 1977, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza kutekelezwa nchini, watoto walikuwa wameongezeka kuliko vyumba, na darasa la kwanza lilikuwa likisomea chini ya mti. Kamati ya shule ilikubali kwamba wananchi wafyatue matofali, wayachome, na kujenga chumba kimoja kabla ya masika. Sisi tukaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha tulichojifunza. Tukachukua karatasi kubwa ya manila, tukaipiga mistari kwa rula, tukaandika majina ya wakuu wote wa kaya kwa kufuata mabalozi wa nyumba kumi. Kila kundi likapewa siku yake ya juma, kila mtu akapangiwa idadi ya matofali. Tukamteua msimamizi mmoja wa kazi yote, kijana aliyemaliza darasa la saba, mwenye mwandiko mzuri na asiyejua kuchelewa. Yeye ndiye angeita majina, angehesabu matofali na kutuletea orodha ya watoro. Juu yake tulikuwa sisi. Juu yetu ilikuwa kamati na serikali ya kijiji. Amri ilikuwa inashuka kwa mstari mmoja tu, kama kitabu kilivyoagiza.

Katika mkutano tuliibandika karatasi ile ukutani na kuieleza. Tuliuliza kama kuna mwenye swali, na hakuna aliyeuliza. Tuliuliza kama imekubaliwa. Wazee wakasema, "Sawa, mwalimu." Tukarudi nyumbani tukiwa tumeridhika sana.

Siku ya kwanza, kati ya watu wapatao arobaini walioandikwa, walikuja tisa. Juma la pili walikuja wachache zaidi. Msimamizi wetu alituletea orodha fupi ya watoro kuliko ilivyopasa kuwa, na tulipomhoji alitazama chini. Siku ya kusomwa majina hadharani hakutokea. Alituma mdogo wake kusema kwamba anaumwa tumbo. Majina tukayasoma wenyewe, kwa sauti, moja baada ya jingine, mbele ya wake na watoto wa hao waliotajwa. Kisha tukaandika barua kwa serikali ya kijiji kuomba sheria ndogo ya faini itumike, nayo ikatumika. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba. Mbuzi hawakuwapo wa kukamatwa, kwa sababu tutakayoieleza sasa hivi, kwa hiyo walichukua nafaka. Katika nyumba moja hawakumkuta baba. Mama akawapimia debe la uwele kutoka katika akiba iliyokuwa imebaki. Binti wa nyumba hiyo alikuwa darasa la tano, na alikuwa miongoni mwa wasomaji hodari wa darasa lake. Jumatatu hakuja shule. Jumanne hakuja. Sisi tulimwandikia alama ya utoro katika rejista kwa wino mwekundu, maana hivyo ndivyo rejista inavyojazwa.

Mzee mmoja wa kamati, ambaye katika mkutano ule hakusema hata neno, alikuja kwetu siku hiyo jioni. Tulimwamkia shikamoo, tukampa kiti, tukaongea habari za mvua na za safari yake ya Kondoa mjini. Baada ya muda mrefu alituuliza, "Mwalimu, kijana wako yule anayeita majina amemwoa binti wa nani?"

Hatukujua. Akatueleza kwamba katika kundi la Jumatano alikuwamo baba mkwe wa kijana yule pamoja na ndugu wa baba mkwe. Mtu hapiti karibu na mkwe wake ila kwa adabu kubwa. Kumwita jina lake mbele ya watu, kumhesabia matofali na kumwandika mtoro ni jambo ambalo kijana yule hangelifanya hata kwa mshahara, na sisi tulimpa kazi hiyo bure. Wazee waliliona siku ileile ya mkutano. Hawakutuambia kwa sababu kutuambia mbele ya watu kungekuwa kutuaibisha, na kijana mwenyewe angeaibika zaidi.

Akauliza tena, "Na yule baba uliyemwandika mtoro, unajua ng'ombe wake wako wapi?"

Hapa yafaa tusimame kidogo kueleza habari ya mifugo. Vilima vya Kondoa vilikuwa vimekumbwa na mmomonyoko wa udongo kwa miaka mingi, na makorongo yake yalijulikana kwa wataalamu tangu zama za Waingereza. Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu wote waliuita HADO. Ulianza kwa kupanda miti na kuchimba matuta ya kukinga maji. Mwaka 1979 ikatolewa amri nzito: mifugo yote itoke katika eneo lililoharibika, eneo la zaidi ya kilometa za mraba 1,200, Kolo ikiwa ndani yake. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda waliondolewa. Kwa upande wa ardhi, matokeo yalionekana upesi: majani yakarudi na miti ikaota katika kingo za makorongo. Mtaalamu aliyepima udongo alikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini ng'ombe walioondolewa hawakuyeyuka. Wengine waliuzwa. Wengine walipelekwa kwa jamaa na marafiki nje ya eneo, wengi wao katika nyika za mashariki kuelekea Kiteto. Kuweka ng'ombe kwa jamaa ni desturi ya zamani katika nchi kavu za Dodoma na Kondoa: mvua ikikosa kwako, huenda imenyesha kwa shemeji yako, na anayekutunzia mnyama hunywa maziwa yake na hukukumbuka unapopata shida. Kwa hiyo amri ya kitaalamu ilipofika, watu walikuwa na njia yao ya kuipokea, njia ambayo haikuandikwa katika mpango wowote. Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na kazi yake. Mwenye ng'ombe alilazimika kwenda kuwaona, kusaidia kuwachunga, kupeleka chumvi, kuhudhuria msiba au harusi ya huyo anayemtunzia. Majuma mawili, hata matatu, hayuko nyumbani. Yule baba tuliyemwandika mtoro alikuwa huko nyikani. Kama asingekwenda, angewapoteza wanyama wake na mtu wake kwa pamoja. Mkewe hakuweza kutueleza hayo mbele ya mgambo, nasi hatukuwa tumemwuliza.

Tulirudi katika madaftari yetu ya chuo, safari hii kwa kutafuta jambo jingine: tulitaka kujua watu waliotunga nadharia hizi walikuwa wapi walipozitunga. Baadhi ya tuliyoyakuta tumeyaongeza katika miaka ya baadaye kwa kusoma zaidi, na tunayaeleza hapa kwa pamoja.

Orodha ya kazi tano za kiongozi ni ya Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, aliyeitoa mwaka 1916 baada ya kuongoza kampuni ya makaa na chuma kwa miaka mingi. Mojawapo ya kanuni zake ni kwamba mtu apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Katika mgodi kanuni hiyo huokoa maisha. Lakini inadhani kwamba mfanyakazi, akisha kuingia kazini, ameacha ukoo wake getini. Frederick Taylor wa Marekani, ambaye kitabu chake juu ya uongozi wa kisayansi kilitoka mwaka 1911, alikwenda mbali zaidi. Anasimulia jinsi, katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem huko Pennsylvania, mbebaji mmoja alivyofundishwa kupakia tani 47 na nusu za chuma kwa siku badala ya tani 12 na nusu, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Wachunguzi wa baadaye wameyapinga masimulizi hayo katika mambo kadhaa. Kwetu sisi lililo muhimu ni agizo lake kwamba wafanyakazi washughulikiwe mmoja mmoja, kila mtu peke yake. Wengi wa wabebaji wale walikuwa wahamiaji waliotoka nchi mbalimbali za Ulaya. Hakuna aliyekuwa na baba mkwe katika zamu ya Jumatano, au kama alikuwapo, Taylor hakumwona.

Tena hata Marekani kwenyewe mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kati ya mwaka 1924 na 1932 ulifanyika uchunguzi katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kilichotengeneza vifaa vya simu. Katika chumba kimoja walikuwamo wanaume 14 wa kuunga nyaya. Malipo yao yalipangwa ili anayefanya zaidi apate zaidi. Wachunguzi wakaona kwamba watu wale walikuwa wamejiwekea kiasi chao cha kazi kwa siku, na aliyekizidi alipigwa ngumi ya bega na wenzake, nusu kwa mzaha na nusu kwa kweli. Tuliposoma habari hiyo tulicheka, maana tuliwajua watu wa namna ile. Watani wetu wa Kondoa wangewaelewa bila mkalimani. Elton Mayo na wenzake walijenga juu ya uchunguzi huo nadharia mpya ya mahusiano ya watu kazini, na wataalamu wakaipokea kama uvumbuzi.

Nchi yetu pia ilipata kuagiza mpango wa uongozi kutoka nje. Mwaka 1972 serikali ilipopeleka madaraka mikoani, kampuni ya ushauri ya McKinsey kutoka Marekani ilishiriki katika kuuchora muundo. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, wakurugenzi wa maendeleo wakawekwa mikoani na wilayani, na mipango ikatakiwa ianzie vijijini na kupanda ngazi kwa ngazi. Shabaha ilikuwa njema: wananchi washiriki katika kuamua. Hata hivyo katika ngazi hizo walikaa watumishi waliowajibika kwa wakubwa wao wa juu, na sauti ya kijiji ilipungua kadiri karatasi ilivyopanda. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha serikali za mitaa, zikaanza kazi mwaka 1984. Inashangaza kidogo kwamba Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotungwa na watu wa hapahapa na kuwakanya viongozi wasiwe na kiburi wala dharau kwa wanaowaongoza, haukuwamo katika maelezo yetu ya chuo ya somo la utawala. Uliwekwa katika somo la siasa, kana kwamba ni mambo mawili.

Baadaye wataalamu wengine walianza kusema wazi kwamba utamaduni huathiri uongozi. Geert Hofstede wa Uholanzi alitoa kitabu chake mwaka 1980, kwa kutumia majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi. Katika majedwali yake ya baadaye Tanzania iliunganishwa na Kenya, Ethiopia na Zambia, zikapewa jina moja la Afrika Mashariki, na alama moja: 64 kwa kukubali tofauti ya cheo, 27 kwa mtu kujitegemea mwenyewe mbali na kundi lake. Hatuyakatai majedwali hayo. Yalisaidia kuwaonyesha watu wa Ulaya na Marekani kwamba desturi zao ni desturi, si maumbile ya binadamu wote. Lakini mwalimu wa Kolo hapati msaada mkubwa katika alama 64. Mwenye kujibu maswali ya IBM alikuwa karani au fundi mwenye ofisi mjini; na alama hiyo haikuambii kwamba mzee anayekuheshimu kwa cheo chako ndiye huyohuyo anayenyamaza unapokosea.

Mwaka uleule wa 1980, Goran Hyden, msomi wa Sweden aliyepata kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu juu ya ujamaa na wakulima wa Tanzania. Alisema kwamba mkulima mdogo anao uchumi wake wa mapendo, yaani wa kusaidiana kwa ukoo, ujirani na urafiki, na kwa sababu hiyo dola haimshiki vizuri. Alikuwa ameuona mkono wa shemeji kule Kiteto, ingawa alikuwa akizungumzia nchi nzima. Tofauti yetu naye ni kwamba yeye aliuona uchumi huo zaidi kama kizuizi. Sisi tulikuwa na chumba cha darasa cha kujenga, na hakuna watu wengine wa kukijenga ila hao wenye mashemeji.

Tuliibandua karatasi ya manila. Mzee yule aliomba tumwachie suala la kuwaita watu, nasi tukamwachia, si kwa hekima bali kwa kukosa la kufanya. Hakuandika chochote. Alimtafuta mtu mmoja mcheshi, mwenye umri wa makamo, ambaye kwa sababu ya ndoa za dada zake alikuwa shemeji na mtani wa karibu nusu ya kijiji. Alfajiri mtu huyo alipita njiani akipaza sauti, akiwatukana wavivu kwa majina, akidai kwamba fulani ameogopa udongo kuliko mkewe. Watu walitoka wakicheka. Pale ambapo yeye mwenyewe alikuwa mkwe, hakuita, alimtuma mtoto. Walioko nyikani waliwekewa sehemu yao, wakaifanya waliporudi. Wanawake walileta togwa, na makundi hayakufuata mabalozi bali koo na ujirani. Matofali yalipatikana, tanuri likachomwa, kuta zikasimama.

Wanachuo wengi wangependa tuishie hapo, na mihadhara kadhaa tuliyoisikia juu ya mila na uongozi huishia hapo hasa. Sisi hatuwezi, kwa sababu ya mabati. Mabati ya chumba kile yalinunuliwa kwa michango na kuwekwa nyumbani kwa jamaa mmoja wa mzee wetu. Tulipoezeka yalipungua mawili. Kila mtu aliona kwamba yamepungua. Mzee hakuweza kuuliza, maana mwenye nyumba alikuwa mtoto wa dada yake, na mjomba akimwita mpwa wake mwizi ameubomoa ukoo wa dada yake. Kamati haikuweza kuuliza kwa kuwa mzee hakuuliza. Tukaezeka kona moja kwa nyasi. Laiti tungalikuwa na kitabu cha stoo, chenye sahihi ya anayepokea na anayetoa, swali lingaliulizwa na kitabu, na hakuna ambaye angalivunjiwa heshima. Daftari halina mkwe wala mpwa. Siku ile tulimrudia Fayol kwa shukrani kidogo.

Tena katika mikutano ile ya ukoo na ujirani, wanawake walileta togwa na kukaa pembeni. Mama aliyetoa debe la uwele hakuulizwa neno na mtu yeyote, si katika utaratibu wetu wa manila wala katika utaratibu wa mzee. Utamaduni nao una watu wake wasiosikilizwa, na mwalimu asiyeliona hilo atakuwa amehama kutoka nadharia moja ya kukariri kwenda nyingine.

Tumeahidi kuigusa michoro. Katika miamba ya Kolo na vilima vya jirani kuna mapango mengi yenye michoro ya watu warefu wembamba, twiga, pofu na wanyama wengine, mingi kwa rangi nyekundu, na mingine ya baadaye kwa rangi nyeupe. Mary Leakey aliifanyia kazi kubwa ya kuinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Serikali iliihifadhi kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inatazama vitu na mahali: jiwe, mchoro, mpaka. Lakini wenyeji wamekuwa wakipanda Mongomi wa Kolo kuomba mvua na kutafuta uponyaji, kwa mnyama wa kafara na pombe ya kumwagwa. Kwa mhifadhi, pombe inayorushwa mwambani ni uharibifu, na hakukosea, rangi huchakaa. Kwa mwenyeji, mwamba usioombewa umeachwa ufe. Zamani vilijengwa vizimba vya mbao na waya kuikinga michoro katika baadhi ya mapango. Havikudumu, mbao na waya vilichukuliwa. Mtu akiwekewa uzio katika mahali pake pa kuombea bila kuulizwa, tusitegemee aulinde uzio huo. UNESCO yenyewe, ilipoipokea michoro, ilitaja pia mila hizo zinazoendelea kama sehemu ya thamani ya mahali pale. Wasimamizi wamebaki na kazi ngumu ya kukaa na wenyeji ili rangi isiharibike na maombi yasikome, nasi tunaijua kazi hiyo kwa udogo wake, kwa kuwa shule nayo ni mahali ambapo serikali na kijiji hukaa chini ya paa moja.

Mwanachuo anaweza kusema kwamba haya ni ya mwalimu mkuu, naye anakwenda kufundisha darasa la tatu. Na aanze huko. Katika darasa letu la nne tuliwagawa watoto katika vikundi vya hesabu, kila kikundi na kiongozi aliyewazidi wengine kwa akili. Mvulana mmoja, hodari kabisa, hakumsahihisha hata mara moja msichana aliyekuwa akikosea kutoa kwa kukopa. Tulimwona mzembe. Siku moja tukamsikia akimwita "shangazi". Walikuwa na umri mmoja, lakini msichana yule alikuwa mtoto wa mwisho wa babu yake mvulana. Tulipowabadilisha vikundi, kijana akasahihisha wenzake kwa sauti kubwa mno, na msichana akajifunza kutoa kwa kukopa kutoka kwa binamu yake aliyemtania mpaka akapata. Hatukubadilisha mbinu ya kufundishia hata kidogo. Kwa hiyo, mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha, kabla ya kupanga viranja, zamu za kufagia au vikundi vya kusoma, na aulize nani ni nani kwa nani. Asiulize ofisini tu. Aulize kisimani, dukani, na kwa mwalimu wa kike aliyekaa hapo muda mrefu, ambaye mara nyingi ndiye ajuaye zaidi na ndiye asiyeulizwa. Majibu asiyabandike ukutani.

Imebaki habari ya yule binti. Baba yake aliporudi kutoka nyikani tulikwenda nyumbani kwake, tukiwa na mzee yule na debe la uwele tulilolinunua kwa mshahara wetu. Tulikaa chini, mzee akatusemea. Baba alilipokea debe, akashukuru kwa maneno machache, akatuuliza habari za shule. Hakuna aliyemtaja binti, nasi tulikuwa tumejifunza kiasi cha kutosha kutolitaja mwanzo. Mama alipokuja na maji ya kunywa alituambia kwa sauti ndogo kwamba mtoto amepelekwa kwa shangazi yake, upande wa Babati, kumsaidia kulea. Hakurudi shuleni kwetu. Tuliandika barua mbili kuomba aandikishwe huko, hatukupata majibu.

Januari ya mwaka 1986 tulikuwa tukiandikisha darasa la kwanza katika chumba kile chenye kona ya nyasi. Baba yule alikuja akimshika mkono mtoto wa kiume. Alitaja jina la mtoto, akataja mwaka wa kuzaliwa, akasubiri mpaka tulipomaliza kuandika, kisha akaomba tumsomee tulichokiandika.